Aliyebaki Ndani ya Oruma

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimeimaliza! Gemu ya Oruma yote – ya kwanza, ya pili, na leo alasiri ya tatu. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata maneno ya mwisho sikuyasikia, nikayasoma chini ya picha. Mlango wa chombo ukafunguka. Mwanga mweupe. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Mimi nimekaa na kontrola mkononi kama mgeni aliyefika harusini watu wameshaondoka.

Ndio basi?

Hadithi yenyewe niiandike, nisije nikaisahau nikizeeka. Chombo kinasafiri angani, kimebeba watu waliolazwa usingizi wa dawa, wanapelekwa dunia nyingine. Wewe ni mlinzi wao. Umeamka peke yako. Hakuna wa kusema naye ila sauti ya kike ya chombo chenyewe. Gemu ya kwanza unamtafuta aliyeharibu mitambo. Ya pili, waliolala wanaanza kuota ndoto moja, wote. Ya tatu mnafika – na unaambiwa uchague. Uwaamshe, uwaache walale, au ukigeuze chombo kirudi.

Nimewaamsha. Kisha nikarudi nyuma nikawaacha walale. Kisha nikakigeuza chombo. Mlango ule ule! Mwanga ule ule! Wazungu huko mtandaoni wamechafukwa, wanasema wametapeliwa. Nusu yangu iko nao. Nusu nyingine yasema, kwani mlitaka nini? Mtu aliyelala miaka mia akiamka, nani ajuaye neno lake la kwanza?

Lakini vile vyumba virefu visivyo na mtu. Ule mlio wa chini kwa chini, kama friji ya jirani. Pale chombo kinaposahau jina lako na wewe unalitaja tena na tena – nililia. Sijaona gemu nyingine iliyonifanyia hivyo.

Luqman hakuiona ya tatu. Kaka yangu ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Mimi Kiingereza kilikuwa kinanipiga chenga, basi yeye anacheza, anafasiri kwa sauti, na Mama anasikiliza huku akichambua mchele kama mtu asikilizaye mchezo wa redio. Ile sauti ya chombo Luqman aliiita Bi Mkubwa. Mpaka leo ndilo jina lake humu ndani.

Mama ameuliza kutoka jikoni, "Bi Mkubwa amefika?"

"Amefika, Mama."

"Alhamdulillahi. Na wale waliolala?"



Jumatano, 7 Mei

Mkono mzito. Mapazia niliyoagizwa kushona na nyumba za wageni za Diani yako mezani, nimepinda upindo mmoja tu. Ukimaliza kitu ulichokipenda unakuwa kama umefiwa na mtu usiyeweza kumtangazia matanga.

Subira alikuja baada ya alasiri. Mke wa Luqman, wifi yangu. Siku hizi anakaa kwao, hapa hapa Msambweni, anasomesha watoto wadogo madrasa, lakini haipiti wiki hajaja kumwamkia Mama. Leo alileta viazi vya nazi. Alikaa, akatulia, kisha akasema, "Nina neno, Mama. Nataka ulisikie kwangu, si njiani."

Kadhi amempangia siku. Alhamisi tarehe ishirini na mbili, Kwale. Anaomba ndoa ivunjwe. Kuna mtu amemposa, Salimu wa Bongwe, mfuga kuku, mkewe alikufa na uzazi. Mtu mpole, nimewahi kumwona.

Subira akaendelea, sauti chini. "Mimi si mke, si mjane. Wenzangu wakiulizana habari za waume zao mimi hutazama ukuta."

Ni kweli. Miaka minne! Luqman alitoka chumba alichopanga Ukunda, asubuhi, akaenda asikojulikana. Pikipiki yake ikaonekana Bodo, kando ya mikoko, funguo zimo. Watu waliingia majini, wakatafuta hadi Funzi. Hakuna nguo, hakuna kiatu. Wengine wakasema alizama. Wengine, amevuka mpaka. Wengine walinyamaza kwa namna ambayo ilikuwa mbaya kuliko kusema.

Kadhi anataka mtu wa upande wa mume aje kuapa kwamba tangu siku ile Luqman hajasikika. Si kwa barua, si kwa simu, si kwa mtu.

Mama akasema, "Mimi siapi kwamba mwanangu amekufa."

"Hakuna akuambiaye uape amekufa, Mama. Ni kuapa hajasikika."

"Ni lile lile."

Basi nikasema mimi nitakwenda. Ni kweli tupu, sioni ugumu wake. Subira alinishika mkono, akaufinya. Hawakujaaliwa mtoto. Ana haki ya kuanza upya. Naandika hivi na bado moyo unanigomea kidogo – lakini nitakwenda.

Ijumaa, 9 Mei

Sijui niandike vipi.

Ukishaimaliza Oruma ya tatu, gemu inakuruhusu urudi ndani utembee. Hakuna kazi tena, hakuna hatari. Chombo kitupu tu, uage. Watu walisema ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Leo baada ya sala ya Ijumaa nikawasha. Maandishi yakatokea: milango i wazi, waweza kukutana na wengine. Maana yake, kama una rafiki katika orodha yako naye yumo ndani wakati huo huo, utaona kivuli chake kikipita. Vivuli hivyo havina sura, havisemi. Vinaweza kupunga mkono, kuketi, kuonyesha kidole. Basi.

Sikujali. Orodha yangu ina jina moja tu.

Nikatembea. Vyumba vya waliolala, jikoni, bustani iliyokauka. Nikaingia ukumbi wa dirisha, lile dirisha kubwa linaloonyesha nyota. Palikuwa na mtu.

Rangi ya samawati, kama moshi uliokubali umbo la mwanadamu. Amesimama ametupa mgongo, anaangalia nje. Juu ya kichwa jina – Luqman_Msambweni.

Nilizima ukutani. Nimeng'oa waya kabisa. Mama akauliza umeme umekatika? Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelala vibaya. Asubuhi nikajipa akili. Mashine hizi hukumbuka kila kitu, labda ni kivuli cha zamani, kimehifadhiwa, kama sauti ya marehemu iliyobaki kwenye simu. Nikatulia. Nikanywa chai.

Halafu kikombe kikanisimama mkononi. Oruma ya tatu imetoka mwaka jana! Luqman alipotea elfu mbili na ishirini na moja. Hakuwahi kuishika. Haiwezi kukumbuka alichokuwa hajakifanya.

Nimewasha tena. Hayupo. Nikasimama pale pale alipokuwa amesimama, dirishani. Wallahi sikukaa hata kidogo. Mgongo wangu mwenyewe ulisisimka, nikiwa nimeketi kwenye mkeka kwetu, mchana kweupe, jogoo anawika.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda Ukunda kwa Hesbon. Ana chumba cha gemu nyuma ya soko, ndiye aliyekuwa akimtengenezea Luqman mashine yake. Mtu wa bara, lakini amekaa pwani hadi anaamkia watu shikamoo. Vijana walikuwa wanapigiana kelele za mpira. Tukatoka nje.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Sista, hii si mambo ya jini," akasema. "Account iko live. Kuna msee anaitumia."

"Nani?"

"Mwenye ako na ile mashine. Kama hakuna mtu alitoa account ya Luqman, ukiiwasha tu inaingia na jina lake. Sasa – vitu vyake si mlichukua? Mashine mliipata?"

Nikakumbuka tulipokwenda kuchukua vyombo vyake chumbani. Kitanda. Tivi ipo. Waya zipo, zimekunjwa vizuri. Mashine haipo. Wakati ule nani alikuwa na kichwa cha kufikiri habari ya mashine? Tulidhani aliiuza.

Nikamwambia. Hesbon akawa anakwangua rangi ya ukuta kwa kucha.

"Hakukuja kuiuza kwangu," akasema. "Na vitu hivi huku vinapita kwangu. Basi mwenye ako nayo..." Hakumaliza. Akaniuliza kama nimejaribu kumwandikia. Gemu ina njia ya ujumbe. Akanionyesha pa kubonyeza. Akasema pia niende kituo cha polisi.

Kituoni nimekwenda. Askari ni mwanamke, alinisikiliza vizuri, akaandika. Akaniuliza mara mbili, "Kivuli, ndani ya gemu?" Nikasema ndiyo. Akaandika ndiyo. Wataiuliza kampuni yenyewe iko wapi hiyo mashine, lakini kampuni iko ng'ambo na mambo hayo yana taratibu zake. Nisikate tamaa.

Nimerudi nimechoka. Sasa naona kuna mambo mawili na yote yananitisha. Kwamba ni yeye. Kwamba si yeye.

Jumatano, 14 Mei

Umeme hakuna tangu jana. Mti umeangukia waya huko njia ya Milalani. Nashona kwa mkono. Sijamwambia mtu. Nimegundua nimefurahi kwamba umeme hakuna.

Alhamisi, 15 Mei

Umerudi adhuhuri. Nikawasha, nikaingia ukumbini moja kwa moja. Yupo.

Nikamwandikia. *Assalamu alaykum. Wewe ni nani?*

Chini ya maneno yangu pakatokea alama – umesomwa.

Hakujibu. Hakugeuka. Nikamwandikia tena. *Mimi Yusra.* Umesomwa. Nikamwandikia, *Ikiwa umeinunua mashine hii, hatukudai. Tuambie tu aliyekuuzia.* Umesomwa.

Nikampungia mkono – yaani mlinzi wangu akampungia. Alikaa kitambo. Kisha akageuka, polepole, akapunga. Vivuli havina sura, nimeshasema. Lakini unajua ukitazamwa.

Sasa hili ndilo ninaloliogopa kuandika. Alipoondoka hakupita ukutani kama vivuli vingine. Alirudi kinyumenyume. Hatua kwa hatua, akiiangalia ile taa ya ukumbini inayomwakilisha Bi Mkubwa, mpaka akatoka mlangoni.

Luqman alikuwa akifanya hivyo! Kila mara! Ulikuwa mzaha wake. Anasema mkubwa hapewi mgongo, hata akiwa ni chombo cha chuma. Mama alikuwa akicheka mpaka mchele unamwagika.

Nimempigia Hesbon. Akaniambia wachezaji wengi hurudi nyuma wakitaka kuona vizuri, ni kontrola tu. "Usijipee pressure, sista." Huenda. Nimejaribu mwenyewe. Kweli, ukivuta nyuma inarudi nyuma. Kweli mtu yeyote anaweza.

Lakini kwa nini afanye mbele ya taa ile?

Ijumaa, 16 Mei

Hayupo. Nimeangalia asubuhi, mchana, baada ya alasiri. Subira alikuja na mikate ya sinia. Amefurahi, amejipaka hina kidogo kwenye kucha, anaificha kwa Mama. Aliniuliza nitavaa nini Alhamisi. Nikamwambia lile buibui jipya.

Si kwa barua, si kwa simu, si kwa mtu. Nimeyarudia maneno haya siku nzima huku nashona. Si barua. Si simu. Mtu je?

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia.

Nilikwenda kwao Subira, tukakaa uani, mamake alikuwa ameenda kilioni. Nilidhani atazimia, au atanipiga. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili zake – tangu lini, jina limeandikwaje, alisimamaje. Nilipofika kwenye ile kinyumenyume akafumba macho.

Akasema, "Nionyeshe."

Tukaja nyumbani. Mama alikuwa amelala. Nikawasha, nikapunguza sauti. Yupo! Ameketi safari hii, chini, dirishani, magoti ameyakumbatia. Subira akasogea mpaka karibu na kioo cha tivi, hata mwanga wa samawati ukampaka usoni. Sijui alikuwa anatafuta nini pale pasipo sura. Alinyoosha kidole akakigusa, pale begani.

Mle ndani kivuli hakikujua kitu.

Kisha akakaa nyuma, akasema maneno ambayo hayanitoki kichwani. "Kama si yeye, basi ni mtu mwenye mali ya mume wangu, na huenda anajua alipomzika. Na kama ni yeye, Yusra – kama ni yeye, basi ana umeme. Ana bando. Ana mikono miwili mizima. Na nambari yangu sijabadilisha. Nimeiacha ile ile miaka minne, kwa sababu yake. Ameshindwa nini kunipigia?"

Akakifuta kile kidole kwenye leso yake.

"Basi kwangu ni sawasawa," akasema. "Mume sina."

Alikuwa halii. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Nikamuuliza nikaseme nini kwa Kadhi. Nikisema hajasikika, nitakuwa nimeapa uongo? Nikisema nimeona kivuli, Kadhi ataahirisha, na Salimu hatangoja milele, na wewe utarudi kutazama ukuta.

Akaivuta leso yake, akajifunga vizuri. "Mimi sikufundishi kuapa, wifi. Hilo ni lako na Mola wako."

Tulipogeuka, Mama amesimama mlangoni.

Jumapili, 18 Mei

Alisikia. Si yote, lakini alisikia jina.

Nimemweleza taratibu, mara tatu, kama Hesbon alivyonieleza. Mashine imeibwa. Mtu anaitumia. Jina ni jina tu, kama nguo iliyobaki kwenye kamba. Ananiitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Kisha anauliza, "Amekonda?"

"Mama, ni moshi. Hana mwili."

"Ulisema ameketi amekumbatia magoti. Hivyo ndivyo anavyokaa akiwa na njaa."

Jumatatu, 19 Mei

Mama amehamia mbele ya tivi. Ameleta mkeka wake wa kusalia, tasbihi, na birika. Nikitaka kuzima ananitazama, naacha. Cherehani yangu iko chumba hicho hicho, basi nashona huku namsikia nyuma yangu akizungumza. Anampa habari. Mjomba Abdulwahab amepasuliwa jicho, anaona. Mnazi wa mbele umekatwa, ulikuwa unatishia paa. Boga yule mwuza maji amefariki, Mungu amrehemu, alikuwa akikuuliza kila siku.

Kivuli hakisikii. Hakuna kipaza sauti, nimeangalia. Hakuna.

Lakini sasa hakiondoki! Zamani kilikuwa kinakuja na kwenda. Tangu Mama aanze kukaa, kipo asubuhi, kipo mchana. Mtu gani huyo asiyekula, asiyefanya kazi? Hesbon ameniambia huenda mashine imeachwa inawaka tu, mwenyewe hayupo mbele yake. Chumba fulani mahali fulani, mashine inawaka, hakuna mtu. Eti aliniambia ili nitulie!

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi nimemkuta Mama amemtengea sahani. Wali, mchuzi wa pweza, ndimu pembeni. Ameiweka chini ya tivi.

"Mama, tafadhali."

"Sahani ya mtu asiyekuwepo si dhambi, Yusra. Tulimwekea babako alipokuwa safarini."

Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo, ili asinione. Nilimkasirikia Luqman. Mara ya kwanza kabisa. Kama u hai, unamfanyia nini huyu mama? Kama umekufa, kwa nini usifie mbali, ukatuacha? Astaghfirullahi. Nimeandika, basi ibaki.

Na nimeikasirikia Oruma pia. Zamani niliona ni hadithi ya mlinzi. Leo naiona ni hadithi ya wale waliolala, na hakuna hata mmoja aliyewauliza kama wanataka kulindwa. Gemu tatu, na hatukupewa hata sauti ya mmoja wao. Huo ndio upungufu wake, si ule mlango. Kama ningeweza kuwaandikia watengenezaji, ningewaambia hilo.

Chakula alikila paka.

Jumatano, 21 Mei

Askari amenipigia. Kampuni imepokea barua yao, majibu huchukua wiki kadhaa. Wiki kadhaa! Kesi ni kesho.

Nimeshauriana na nafsi yangu. Nitakwenda. Nitasema niliyoyaona, yote, kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Na mwisho nitasema sauti ya kaka yangu sijaisikia. Kadhi ana elimu, atapima. Nimempigia Subira nikamwambia. Akasema, "Twaib, haya." Kisha akasema, "Ahsante kwa kunieleza kabla." Nyuma yake nilisikia watoto wakisoma, sauti moja, wote.

Mama nimemwambia pia. Hakugeuka kunitazama. "Nenda," akasema. "Sisi tutakuwepo."

Sisi.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika nimesimama, buibui nimeshavaa. Subira na babake wako nje garini. Ningekuwa nimetoka zamani.

Nilipokuwa natafuta kitambulisho changu Mama akaniita. Si kwa kelele. Aliniita kama mtu aonaye ndege ametua karibu, hataki aruke. Nikaenda. Kivuli kimesimama. Kimegeuka, kimetuelekea, kimejaa tivi nzima. Na chini, pale nilipoandika wiki iliyopita, *Tuambie tu aliyekuuzia*, kuna nukta tatu. Zinapanda zinashuka.

Anaandika.

Mama hasomi maandishi ya kizungu lakini alijua. "Anasema nini?"

"Bado, Mama. Anaandika."

"Ngoja basi."

Nikangoja. Nukta zikakoma. Hakuna neno. Zikaanza tena. Subira akaingia kuniharakisha, kanzu nyeupe, mtandio wa zambarau, hina imekoza. Akatuona tulivyo. Akatazama tivi. Akazitazama nukta kwa muda, zikipanda zikishuka.

"Miaka minne," akasema, "na leo ndio anaandika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Akapiga goti, akauchukua mkono wa Mama akaubusu. Mama hakuutoa wala hakuurudisha. "Kidogo tu, mwanangu," Mama akamwambia. "Kidogo tu. Anaandika, wamwona. Huwezi kuondoka mtu yuko katikati ya neno."

"Nimengoja, Mama. Nisamehe."

"Kidogo."

Subira akainuka. Alinitazama mimi, si tivi. "Wifi, ukija, sema yote. Usipokuja, sitakulaumu, wallahi." Akatoka. Nilisikia viatu vyake barazani, kisha kwenye kokoto.

Nukta zimekoma.

Zimeanza.

Nimejaribu kusogea. Mama ameshika pindo la buibui langu, kwa vidole viwili tu, hata hanitazami. Namwambia, "Mama, niache niende." Anasema, "Hujaona? Hajamaliza."

Sijui ni nani yuko upande wa pili. Mwizi anayetafuta maneno ya kukana. Mtu asiyejua Kiswahili, anashangaa sisi ni kina nani. Luqman. Najua kwamba nikilisoma neno lake kabla ya kutoka, nitalipeleka Kwale, liwe lolote. Na nikitoka sasa, nitaapa niliyoyaona mpaka sasa, na itakuwa kweli.

Dirishani naliona gari. Limewashwa. Hawajapiga honi. Subira amekaa nyuma, amejisogeza mpaka mlango wa pili, ameniachia nafasi.